Jaza Tu

Refa alikataa kupuliza kipenga.

Alisimama katikati ya uwanja, akamgeuza nahodha wetu begani ili niuone mgongo wake, kisha akaniuliza: "Katibu, huyu nikimwonyesha kadi ya manjano nitaandika nani kwenye karatasi yangu? Mheshimiwa?" Jezi zilikuwa mpya, za kijani kibichi, na zilikuwa zimetufikia saa mbili asubuhi ndani ya gunia. Katika haraka ya kuzigawa hakuna aliyegundua kwamba hazikuwa na namba. Mahali pa namba palikuwa na jina la mwaniaji, chini ya jina kikaandikwa kiti anachokitaka, na chini ya kiti mwaka 2027. Wachezaji kumi na mmoja, migongo kumi na mmoja, jina moja.

Mweka hazina wetu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Chapati kwa sababu ya kazi yake, ndiye aliyetuokoa. Alifungua mkoba wa huduma ya kwanza, akatoa plasta nyeupe ya kufungia vifundo vya miguu, akaanza kuikata kwa meno. Moja ilihitaji kipande kimoja, saba vipande viwili. Nane ilimshinda, kwa hiyo siku hiyo hatukuwa na namba nane. Beki wetu wa kushoto alipata tano, na tano ile ikakaa juu ya jina la mheshimiwa, ikamwachia herufi mbili za mwanzo na moja ya mwisho. Waliokuwa wamekaa juu ya ukuta walicheka hadi mmoja wao akaangukia upande wa pili.

Tulifungwa mbili kwa moja.

Hiyo ilikuwa Desemba, msimu ambao Eastlands nzima, mashariki mwa Nairobi, huwa uwanjani, msimu ule ule wa mashindano ya mtaani ya Koth Biro kule Ziwani. Kisa cha plasta nimekisimulia mara nyingi tangu siku hiyo, kazini, kwenye matatu, hata kanisani. Wasikilizaji hucheka, nami hucheka pamoja nao. Lakini kila ninapokimaliza hubaki na jambo jingine ambalo sikulisimulia, na kwa wiki saba sasa jambo hilo limekataa kuniacha.

## Safu ya tano

Siku nne kabla ya mechi hiyo, mratibu wa vijana wa mwaniaji yule alikuja na fomu ya usajili wa timu. Ni kijana mstaarabu, anayezungumza taratibu na kukuita "Mkubwa" hata kama mmetofautiana miaka mitatu tu. Fomu ilikuwa karatasi mbili zenye safu tano. Ya kwanza ilikuwa ya jina, ya pili namba ya kitambulisho, ya tatu namba ya simu, ya nne nafasi ya mchezaji uwanjani. Ya tano ilikuwa ya kituo cha kupigia kura.

Niliijaza mwenyewe, kwa hati yangu. Mimi ni katibu wa timu kwa mwaka wa tisa sasa, na kati ya kazi zote za ukatibu, kujaza fomu ndiyo ninayoiweza bila kufikiri. Niliketi kwenye benchi la kinyozi, vijana wakapita mmoja baada ya mwingine na vitambulisho vyao mkononi, nami nikaandika. Kipa, namba, simu, kituo. Beki wa kulia, namba, simu, kituo. Vijana ishirini na wawili walipita hivyo, na nusu saa haikuisha kabla hatujamaliza.

Ni beki wa kushoto tu, yule wa plasta ya tano, aliyesita. Ana miaka kumi na tisa na kitambulisho chake hakijatimiza mwaka. Aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole kwenye kichwa cha safu ya mwisho, akauliza kwa sauti ya kawaida, bila ukaidi wowote:

"Katibu, hii ya kituo ni ya nini?"

Nami nikamjibu: "Jaza tu."

Maneno mawili. Alitaja shule moja ya msingi iliyo karibu nasi, nikaiandika, akaondoka. Nilisahau kabisa. Nilikumbuka siku ya tatu baada ya mechi, nikiwa nasimulia kwa mara ya kumi jinsi tano ilivyolifunika jina, pale ambapo msikilizaji wangu mmoja, mwanamke anayefanya kazi ya uhasibu, aliacha kucheka akauliza: "Na hizo jezi mlilipia nini?"

Nilimwambia hatukulipa chochote.

## Kibra, 2019

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini wanasiasa hutupatia mpira. Jibu jepesi ni kwamba wananunua kura, na jibu hilo nililiamini kwa miaka mingi kwa sababu linampendeza kila mtu. Mtoaji anajiona mjanja, nasi tunajiona wajanja zaidi kwa kuchukua jezi na kupiga kura tupendavyo. Ila ukilipima kwa matukio ya jiji hili, jibu hilo halisimami.

Chukua uchaguzi mdogo wa eneo bunge la Kibra, hapa Nairobi, wa Novemba 2019, baada ya kifo cha mbunge Ken Okoth. Chama cha Jubilee kilimsimamisha McDonald Mariga. Hakuna mwaniaji Nairobi aliyewahi kuingia kwenye kinyang'anyiro akiwa na mpira mwingi kuliko yeye: mtoto wa jiji, kiungo wa timu ya taifa, Harambee Stars, aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010. Kama soka lingekuwa linanunua kura, Kibra, ambayo kila kipande chake cha ardhi tambarare ni kiwanja, ingemkabidhi kiti bila kampeni. Alipata kura elfu kumi na moja na ushei. Imran Okoth wa chama cha ODM, ndugu wa marehemu, alipata zaidi ya elfu ishirini na nne.

Miaka mitano baadaye, Desemba 2024, Mariga alichaguliwa kuwa naibu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya pamoja na Hussein Mohammed. Wapigakura wa safari hiyo walikuwa wajumbe ambao hawakufika mia moja. Nalitaja hilo kwa sababu linachekesha kidogo: ilimpasa mwanasoka huyu kutoka kwenye siasa za mtaa na kuingia kwenye siasa za mpira ndipo mpira umpe kura.

Kuna jambo jingine dogo la uchaguzi ule wa Kibra ambalo nalirudia kichwani, na nitaeleza sababu mwishoni. Mariga alipopeleka karatasi zake za uteuzi, msimamizi wa uchaguzi alizikataa kwanza kwa kuwa jina lake halikuonekana kwenye daftari la wapigakura, hadi kamati ya mizozo ilipomruhusu. Nakumbuka tulivyocheka. Mtu anaomba kura ya Kibra na yeye mwenyewe kura yake haijulikani iliko!

Basi kama jezi hazinunui kura, zinanunua nini?

## Orodha

Zinanunua orodha.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu, kwa sababu inanitia aibu. Nairobi ina wadi 85. Mtu anayetaka kiti cha uwakilishi wadi anahitaji kujua watu wake wako wapi, na hakuna njia rahisi ya kujua. Wapangaji huhama kila baada ya miezi michache. Wenye nyumba hawakai hapa. Wazee wa mtaa wanawafahamu wazee wenzao. Vijana ndio wengi, nao hawaji kwenye mikutano, hawapokei simu za namba wasizozijua, na ukigonga mlango wao saa nne asubuhi wamelala au wako kibaruani. Sasa mtu huyo huyo akitangaza mashindano ya timu kumi na sita, kila timu itamletea karatasi yenye majina ishirini na mawili, namba za vitambulisho, namba za simu na vituo vya kupigia kura. Hiyo ni hesabu ya vijana 352. Karatasi zimejazwa na makatibu waaminifu kwa hati safi, bure, na kwa shukrani.

Chama cha siasa kingelipa pesa nyingi kuipata orodha hiyo. Mimi nilimlipa mratibu soda kwa kuja kuichukua.

Wasomaji wangu wengi wanakumbuka Juni 2021, pale Wakenya walipoingia kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen kuangalia rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa na kujikuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi hata kuvisikia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipiga kelele wiki nzima. Niliandika hapa hapa, kwa hasira nyingi, nikiuliza ni nani aliyechukua namba ya kitambulisho changu na akaipeleka wapi. Nilitaja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nikaeleza kwamba inamtaka anayechukua taarifa zako akwambie anazitakia nini. Nimeirudia makala ile juzi. Ni makala nzuri. Anayeisoma hawezi kudhani kwamba mwandishi wake angekuja kumwambia kijana wa miaka kumi na tisa "jaza tu".

Sijui kama majina ya vijana wetu yamepelekwa popote. Huenda karatasi zile ziko chini ya kiti cha gari, zimemwagikiwa chai. Ila wasiwasi wangu hauishii kwenye karatasi. Najiuliza ni lini nilizoea kiasi kwamba swali halali likanisikikia kama usumbufu.

## Mama Chapati hakubaliani nami

Nilimpelekea jambo hili mweka hazina kwa sababu ndiye mtu pekee kwenye timu asiyeniogopa. Alikuwa akisukuma unga. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, akapindua chapati, kisha akasema: "Katibu, wewe una mshahara."

Nilisubiri aendelee. Hakuendelea mara moja.

Baadaye alinihesabia, akitumia vidole vyenye unga. Uwanja wetu ni wa mchanga na kokoto, mpira mmoja hauvuki mwezi kabla ya kuchubuka na kuvimba upande kama yai. Refa na washika vibendera hulipwa. Siku ya mechi ya ugenini lazima nauli ipatikane, na kijana aliyeumia kifundo hupelekwa hospitali kwa mchango wa papo hapo. Timu haina kiingilio kwa sababu uwanja hauna ukuta upande wa barabara. Wiki tatu za mashindano ya mheshimiwa zilimwuzia chapati nyingi kuliko miezi mitatu ya kawaida, na vijana wawili wa timu pinzani waliitwa kwenye majaribio ya klabu kubwa kwa sababu kocha fulani alikuja kutazama fainali. "Hiyo karatasi yako ya safu tano," akamaliza, "imewafanyia watoto hawa mambo mengi kuliko barua zako zote."

Barua zangu zote. Hapo alinipata. Kwa miaka tisa nimeandika barua kuhusu uwanja wetu, ambao ulikuwa na upana wa kutosha hadi pale uoshaji magari ulipohamia upande wa mashariki, ukafuatwa na vibanda vitatu, ukafuatwa na ukuta ambao hakuna anayeujua mwenyewe. Kibendera cha kona tumekihamisha mara mbili. Juzi nilipima kwa hatua: arobaini na nne kutoka mstari hadi mstari, na hatua zangu si ndefu. Jedwali la Nne la Katiba linaiweka michezo na viwanja vyake chini ya serikali ya kaunti, na barua zangu zote zimeanza na sentensi hiyo. Nilipokwenda kufuatilia katika ofisi moja ya umma, niliambiwa niandike barua nyingine yenye ramani. Nilipopeleka ramani niliambiwa anayeshughulika na ramani yuko likizo.

Nilijaribu kumweleza Mama Chapati kuhusu Mathare, ambako chama cha vijana cha MYSA tangu mwaka 1987 kimewaonyesha watoto njia nyingine ya kuifanya timu iwe na manufaa: timu zao hupata pointi za ligi kwa kufanya usafi wa mtaa. Nikasema orodha ya wachezaji inaweza kutumika kuzibua mitaro badala ya kujaza mikutano. Akaniambia wazo ni zuri, na kwamba hao wa Mathare walikuwa na mtu aliyekaa nao miaka mingi, wala hakuwa na kiti anachokitafuta. "Sisi tuna nani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Hapa ndipo makala hii ilipokwama mara mbili, kwa sababu nilitaka kuiandika nikiwa upande wa haki, na nilipofika kwenye meza ile ya chapati niligundua kwamba haki ninayoizungumzia mimi inagharimiwa na mtu mwingine. Beki wetu wa kushoto anahitaji viatu. Mheshimiwa ataleta viatu. Mimi nitaleta kanuni.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba Mama Chapati ana haki yote. Tumefundishwa kuomba kikombe hadi tukasahau kuomba uwanja, na tofauti yake ni kubwa. Kikombe hutolewa na mtu, kwa hiyo tunamshukuru mtu. Uwanja ukiwa na hati na ukuta, hatuna wa kumshukuru, na huenda ndiyo sababu hakuna aliye na haraka nao. Tumeliona hilo hata kwa ukubwa wake. Agosti 2025, uwanja wa Kasarani ulipofurika kwa mechi za mashindano ya Afrika ya CHAN na Harambee Stars wakawafunga Morocco bao moja kwa bila, kila mwanasiasa wa jiji alikuwa na picha yake jukwaani. Sasa uwanja wa Talanta unajengwa kando ya Barabara ya Ngong, wa watu elfu sitini, kwa ajili ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ambayo tumeipata pamoja na Uganda na Tanzania katika mwaka ule ule wa 2027 tutakaopiga kura. Nitashangilia kama wengine. Lakini kutoka Talanta hadi mtaani kwetu ni safari ya matatu mbili, na huku kwetu kona inaendelea kusogea.

## Nilikwenda kuidai

Wiki iliyopita nilimpigia mratibu simu, nikamwomba fomu yetu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Hakubisha. Alisema, "Mkubwa, hiyo imeshaingia kwenye mfumo," kwa upole ule ule. Nikamwomba basi safu ya tano ifutwe. Akasema atauliza. Kisha akaongeza kwamba mheshimiwa alikuwa ameiona picha ya jezi zetu zenye plasta, na kwamba hakukasirika, ila jezi za msimu ujao zitachapishwa namba kifuani na jina litabaki mgongoni, ili pasiwe na mgongano.

Mgongano! Neno hilo nililipenda.

## Mikono

Jumamosi baada ya mazoezi niliwakusanya vijana chini ya mti wa upande wa goli la juu. Jezi zilikuwa zimefuliwa mara kadhaa. Plasta ilikuwa imebanduka, lakini gundi yake haikutoka, ikashika vumbi, kwa hiyo namba zote zilionekana kwa rangi ya udongo juu ya jina. Niliwaambia ukweli: kwamba niliandika vituo vyao bila kuuliza vinatakiwa kwa nini, kwamba nilipoulizwa nilijibu vibaya, na kwamba yeyote akipigiwa simu asiyoielewa anieleze. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi zaidi. Walinisikiliza kwa heshima wanayomsikilizia mtu mzima anayezungumza wakati wa chakula.

Beki wa kushoto ndiye aliyevunja ukimya. "Katibu, usijali," akasema. "Mimi kituo nilitaja tu. Sijajiandikisha."

Wengine wakacheka. Nikauliza ni nani amejiandikisha kupiga kura, nikawaomba wainue mikono. Nilihesabu mara mbili. Mikono ilikuwa saba. Kumi na watano kati ya vijana niliokuwa nikikosa usingizi kwa ajili yao walikuwa wametaja shule yoyote iliyowajia mdomoni, ili mstari usonge na wakacheze. Orodha ya mheshimiwa ilikuwa tupu zaidi ya nusu, na aliyekuwa ameiamini kuliko watu wote ni mimi.

Nilianza, bila kujizuia, kuwaeleza kwamba tume ya uchaguzi, IEBC, ilirejesha usajili wa wapigakura Septemba 2025, kwamba ofisi ya eneo bunge letu haiko mbali, kwamba mwakilishi wadi huweza kushinda kwa tofauti ya kura chache, na kwamba vijana kumi na watano wanaoujua upana wa uwanja huu si watu wa kupuuzwa. Nilikuwa nimeshika kasi. Beki wa kushoto aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Na wewe, Katibu, unapigia kituo gani?"

Nilifungua mdomo kutaja ile shule ya msingi, iliyo karibu nasi, ambayo nilikuwa nimeiandika kwa hati yangu mara nyingi siku ile. Kisha nikakumbuka 9 Agosti 2022, foleni ndefu chini ya miti ya mikaratusi, na shangazi yangu akinishikia nafasi. Nimejiandikisha kwetu Butere tangu nilipopata kitambulisho. Kila uchaguzi hupanda basi la usiku kwenda kumchagua mwakilishi wa wadi ambayo sijaishi kwa miaka ishirini. Hapa Nairobi, katika wadi hii ambayo nimeiandikia barua miaka tisa, sijawahi kuwa na kura hata moja.

Niliwaambia hivyo hivyo.

Kijana akanitazama kidogo, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake. "Basi twende sote," akasema. "Jumatatu mimi sina kibarua."